Hongera ya Sumie

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana niliwadanganya rafiki zangu wawili ndani ya wiki moja, na mpaka leo sijatubu.

Kanayo nilimwambia tunakwenda Takamatsu wawili tu, mimi na yeye, kutazama vitambaa vya majira ya baridi. Sumie naye nikamwambia vivyo hivyo. Wote nikawapa saa ile ile na stesheni ile ile.

Sisi watatu tulianza kazi pamoja katika kiwanda cha glavu hapa kwetu Sanbonmatsu, wasichana wa miaka kumi na minane. Tulikaa mstari mmoja wa vyerehani, Sumie katikati, miaka thelathini na saba. Kelele za mle ndani zilikuwa za kutisha, lakini sisi tulikuwa tunaongea. Tulijifunza kusengenya kwa midomo tu bila kutoa sauti, na msimamizi alikuwa akipita nyuma yetu asiambulie kitu. Kila Jumapili ya kwanza baada ya mshahara tulipanda treni kwenda Takamatsu, tukaingia kwenye mitaa ya maduka yenye paa, tukatembea kutoka mwanzo mpaka mwisho, tukala, tukajaribu viatu ambavyo hatukuwa na nia ya kununua, tukarudi. Tukaolewa, tukazaa, wawili tukafiwa na waume, wote tukastaafu. Safari ya Takamatsu hatukuiacha.

Kilichokuja kuivunja ni kile kilichotokea mwezi wa tatu wa mwaka huo. Mio, binti wa pekee wa Kanayo, anaishi Kobe na mumewe. Alikuwa ameshika mimba baada ya kungoja miaka kumi na mmoja, na sote tulikuwa tunahesabu wiki pamoja naye. Mtoto alizaliwa akiwa hana uhai. Mimi nilikuwa hospitalini nimewekewa goti la bandia, kwa hiyo Kanayo alinieleza kwa simu, maneno machache, na mwisho akasema, "Usilizungumze mpaka nianze mwenyewe. Sumie nitamwambia uso kwa uso." Nikatii.

Baadaye Kanayo akaanza kuja kwangu, akawa anakunywa chai na kutazama bustani. Lakini jina la Sumie likitajwa, anasimama kuosha kikombe.

"Amekukosea nini?" nilimuuliza siku moja.

"Muulize yeye. Anajua alichoniambia."

Nikaenda kumuuliza Sumie. Alikuwa anamenya figili jikoni. Akanitazama usoni kwa makini, akafikiri, akasema, "Mimi? Sijui, mwenzangu. Wenye wajukuu siku hizi wana mambo yao."

Maneno yale yalinichoma. Nilimwona Sumie amekuwa na roho mbaya uzeeni, nikabadilisha mazungumzo na sikurudi kwake kwa wiki nyingi. Lakini miaka hamsini na mitatu si kitu cha kuacha kirahisi. Majira ya joto yakapita, majani yakaanza kubadilika rangi, nikajikuta nina marafiki wawili na sina mtu wa kwenda naye Takamatsu. Ndipo nilipowadanganya.

Kanayo alifika stesheni wa kwanza, amevaa koti lake la kijivu na kofia ya sufu. Dakika tano baadaye Sumie akaja na baiskeli, akaifunga kwenye kibanda, akatukuta jukwaani.

Kanayo hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Ritsuko. Umenifanyia nini?"

"Treni inakuja."

"Narudi nyumbani."

"Rudi. Tiketi yako nimeshaikata. Na hili goti langu likinigomea katikati ya mji, watakuja kukuuliza wewe nilikuwa na nani."

Aliwaza. Treni ikaingia, milango ikafunguka, na Kanayo akaingia huku akisema kwa sauti ya chini, "Wewe mwanamke ni shetani." Akakaa dirishani, akaigeuzia bahari uso.

Sumie akaketi mbele yetu. Akainamisha kichwa kwa adabu zote. "Habari za siku nyingi, Kanayo."

"Njema," alisema Kanayo kwa dirisha.

Kutoka hapo mpaka Takamatsu Sumie hakufunga mdomo. Alieleza habari za mwanawe, za paka wa jirani, za bomba lililopasuka, za dawa ya presha. Akimaliza moja anadaka nyingine bila kuvuta pumzi. Zamani Sumie ndiye aliyekuwa msikilizaji wetu. Nikadhani ni woga.

Kama kawaida yetu tulianza na kifungua kinywa, kwenye mgahawa wa tambi za udon ulio karibu na mwanzo wa mitaa ya maduka, pale ambapo unashika sinia, unasimama kwenye foleni, na mpishi anakuuliza unachotaka katikati ya mvuke. Ilikuwa saa tatu asubuhi na foleni ilifika mlangoni.

"Ya moto au ya baridi?" mpishi alimuuliza Sumie, kichwa kimeinamia chungu.

"Ndogo," alijibu Sumie.

"Ndogo, sawa. Ya moto au ya baridi, mama?"

"Ndogo tu inanitosha, asante."

Mtu wa nyuma yetu akakohoa. Mpishi akatumbukiza tambi kwenye maji ya moto bila kuuliza tena. Kanayo, aliyekuwa mbele, aligeuka akamtazama Sumie kwa muda, kisha akaenda kuchukua vitunguu.

Tukala kimya. Nasema kimya, lakini Sumie alikuwa bado anaongea.

Takamatsu ukiingia kwenye mitaa ile huna habari na mvua wala jua. Paa liko juu sana, la kioo, na unaweza kutembea mtaa kwa mtaa mpaka miguu ikuombe msamaha. Siku ile ilikuwa Alhamisi, watu si wengi, maduka mengine ndiyo kwanza yanainua milango. Tulipita duka la mitungi ya chai, la sandali za mbao, la mzee anayetengeneza saa. Sumie alitangulia. Sisi wawili tulikuwa nyuma hatua kadhaa, Kanayo mkono mmoja ameushika mkoba kama anayetaka kukimbia.

Watu wa mji ule wanapita na baiskeli mle ndani ya mitaa, kila mtu anajua. Mama mmoja alitokea nyuma yetu kwa kasi, kikapu kimejaa vitu, akapiga kengele. Sisi tukajibanza pembeni. Sumie akaendelea katikati ya njia. Mama akapiga kengele tena, mara tatu, nne, akapiga kelele, "Samahani jamani!" Sumie hakugeuka, badala yake akasogea kulia, upande ule ule wa baiskeli.

Kanayo aliruka. Kwa umri wake sikujua bado anaweza kuruka. Alimkamata Sumie kola ya koti kwa nyuma, akamvuta mpaka wote wawili wakagonga rafu ya miavuli. Baiskeli ikapita, upepo wake ukatupuliza.

"Wewe! Unataka kufa kwenye mtaa wa maduka?" alifoka Kanayo, bado amemshika kola kwa nyuma.

Sumie, akiwa amempa mgongo, akapapasa kola yake, akacheka kidogo. "Umelipenda? Nililinunua Tokushima, wakati bei imeshuka."

Kanayo aliiachia kola taratibu. Akanitazama. Mimi nilikuwa naokota miavuli, lakini nilimwona alivyobadilika uso, kama mtu aliyehesabu mishono na kukuta mmoja umeruka.

Tukaendelea. Lakini sasa Kanayo hakuwa tena nyuma. Alitembea karibu na Sumie, mara kushoto kwake, mara kulia, na kila mara alisema neno dogo, sauti ya kawaida. "Viatu vizuri vile." Sumie akiwa anamtazama, anajibu sawasawa. "Hapa palikuwa na duka la peremende." Sumie akiwa anatazama kwingine, hajibu, au anajibu la kwake.

Baadaye tukafika kwenye duka la vitambaa. Hatujawahi kulipita lile bila kusimama. Mbele ya mlango wanaweka masanduku ya vipande vilivyobaki, sufu, pamba, velveti, na sisi tukiona kipande hatuwezi kuacha kukigusa tuone mikono inasemaje. Sumie aliinama juu ya sanduku, akawa anachambua, anapima unene kwa kidole gumba na cha shahada kama tulivyofundishwa.

Kanayo akasimama nyuma yake hatua mbili. Kisha akasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ile ile ya kuzungumza:

"Sumie. Nilikuambia mjukuu wangu amezaliwa amekufa, ukacheka, ukanipa hongera."

Mwenye duka, aliyekuwa anakunja kitambaa mlangoni, alisimama mikono hewani, kisha akaingia ndani polepole.

Sumie alitoa kipande cha sufu ya rangi ya chai, akakinyoosha kwenye mwanga. "Hiki kizuri," alisema. "Kingefaa kwa kiganja cha glavu." Akageuka kutuonyesha. Akaona nyuso zetu. "Nini? Kuna nini?"

Kanayo alikuwa analia.

"Mama yangu, Kanayo, nini? Ritsuko, amepatwa na nini?"

"Husikii," alisema Kanayo, na safari hii alisema kwa midomo tu, bila sauti, kama zamani kiwandani. "Sumie, wewe husikii."

Sumie aliisoma midomo ile. Akashusha kipande cha sufu. Nilidhani atabisha, kwa sababu ni mbishi tangu ujana, lakini alisimama tu akikikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka hakikunjiki tena.

Mbele kidogo, mitaa mitatu inapokutana chini ya kuba kubwa la kioo, kuna viti. Tukamkalisha Sumie katikati. Kanayo akachuchumaa mbele yake ili aonekane uso.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu hivi. Sikio la kulia lilianza. Sasa la kushoto nalo linalifuata."

"Mbona hukutuambia?"

Sumie alichezea kamba ya mkoba. "Mnamkumbuka mama mkwe wangu? Alipokuwa kiziwi tulikuwa tunakula naye meza moja, tunamsema mbele yake. Tunamwekea sahani kama unavyomwekea paka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Nilikuwa nikimjibu 'ndiyo, ndiyo' na kumgeuzia mgongo. Miaka sita, mpaka akafa. Nilipoona na mimi naanza, nikasema sitakubali kuwa sahani ya paka. Nikajifunza kukisia. Ukimtazama mtu usoni unajua kama anataka ndiyo au anataka pole. Mara nyingi napatia."

"Na mwezi wa tatu?" aliuliza Kanayo. "Kule kwenye mkahawa, mtaa wa Tokiwa. Mimi na wewe."

"Ulikuwa na barakoa," alisema Sumie.

Kanayo akafumba macho. Mimi pia nilielewa hapo hapo. Mwezi wa tatu mierezi inamwaga chavua, na Kanayo ndiye mtu wa kwanza Sanbonmatsu kuvaa barakoa na wa mwisho kuivua. Macho humvimba, humtiririka maji mchana kutwa.

"Nilisikia 'Mio'," alisema Sumie. "Nilisikia 'mtoto', na 'amezaliwa'. Mengine yalipotea kwenye muziki wa pale. Machozi nikaona, lakini wewe mwezi wa tatu unalia hata kwa kununua mkate. Nikasema moyoni, mtoto amezaliwa, Kanayo amemngojea sana, mwache alie. Ndipo nikakupa..." Akaacha. Akatutazama mmoja mmoja, na uso ukampauka. "Kanayo. Ulisema nini siku ile?"

Hapakuwa na namna nyingine. Kanayo akamshika mikono miwili, akamwambia tena, neno kwa neno, polepole, mdomo wazi.

Sumie hakulia. Alitelemka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni pale pale chini ya kuba, akainama mpaka paji la uso likafika kwenye vigae. Watu waliokuwa wanapita na mifuko yao wakapunguza mwendo.

"Inuka," alisema Kanayo. "Inuka, bibi wewe, watu wanatutazama."

Hakusikia, bila shaka. Ilibidi tumwinue, mimi kwapa hili, Kanayo kwapa lile, na kwa goti langu lile karibu twende chini sote watatu.

"Nikakupa hongera," alikuwa akisema. "Nikakupa hongera. Na zile glavu nikatuma."

"Glavu gani?" nikauliza.

Kanayo ndiye aliyenijibu. Sumie alikuwa amemshonea mtoto jozi ya glavu za pamba, zile ndogo zinazozuia mtoto mchanga asijikune uso, akazitia kwenye bahasha na kadi yenye maua ya plamu, akazipeleka posta. Zilifika nyumbani kwa Kanayo siku ya arobaini na tisa, siku yetu ya kumwombea marehemu, kasisi wa hekalu amekwisha soma sala na kuondoka, Mio na mumewe wamelala chumba cha pili.

"Nilifungua nikajua ni mkono wako," alisema Kanayo, "hata kabla ya kusoma kadi. Nikasema, huyu mwanamke ananidhihaki. Nilizipeleka jikoni kuzitupa. Nikafungua kifuniko cha pipa. Halafu nikatazama mshono." Akafuta pua kwa kiganja, kama mtoto. "Gumba lile ulilishona vipi, Sumie? Dogo kama punje ya haragwe, na ndani hakuna hata uzi mmoja unaokwaruza. Sikuweza kuzitupa. Nilikuwa nakuchukia, na sikuweza."

"Ziko wapi?"

"Nilizificha kwenye droo ya taulo. Mio akazikuta asubuhi. Akadhani nimezishona mimi zamani, wakati tunangoja. Akaniambia, mama, nipe. Nikamwacha adhani hivyo, nikampa. Ziko Kobe. Ziko kwenye kile kimadhabahu chao kidogo, mbele ya picha. Kila mwezi anazifua na kuzianika."

Ndipo Sumie alipolia. Alilia bila kujificha, mdomo wazi, na kwa kuwa hakujisikia alilia kwa sauti kubwa kuliko alivyojua. Mwanamke mmoja mwenye kitoto kwenye kigari alisimama, akafungua mkoba, akatupatia pakiti ya karatasi za kufutia uso, akainama, akaenda zake.

Mimi nilikuwa na langu la kusema, nikalisema. "Sumie, uliniambia wenye wajukuu wana mambo yao. Nikakuona mbaya. Nikakuacha. Ningekuuliza swali moja tu siku ile, haya yote yangekwisha kabla ya majira ya joto."

"Nilidhani ananinyima kumwona mtoto," alisema Sumie. "Nikasema, sawa, nimezeeka, nachosha watu. Nilikuwa natamani hata picha."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Hatimaye Kanayo akasimama, akajikung'uta koti, akasema kwa sauti ya msimamizi wa kiwanda, "Haya. Twende."

"Wapi?"

Alimshika Sumie mkono, akampeleka mtaa wa Tamachi, mpaka mbele ya duka la miwani na vifaa vya kusikia ambalo kwenye kioo chake lina picha ya sikio. Sumie alipoiona akaweka breki kama punda.

"Humo siingii. Mimi si kiziwi kiasi hicho."

"Nimekukasirikia bure miezi minane," alisema Kanayo, uso kwa uso. "Unataka nikukasirikie mingine minane kwa sababu ya ukaidi?"

Sumie akanigeukia mimi.

"Usinitazame," nikasema. "Mimi nimewekewa chuma mguuni. Wewe unaogopa kitu cha ukubwa wa karanga?"

Akaingia.

Mhudumu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, jina lake Bi Ogata, mpole, mwenye nywele fupi. Alimkaribisha Sumie kwenye kibanda chenye dirisha la kioo, akamvisha spika za masikioni, akampa kitufe. Kila ukisikia mlio, bonyeza, alimweleza kwa ishara. Sisi tukakaa nje tukitazama kwenye kioo. Sumie alikaa wima, uso wa mwanafunzi bora, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara sita.

Bi Ogata akafungua mlango, akainama mbele yake ili aonekane. "Mama," alisema, "mimi bado sijaanza."

Kanayo alicheka mpaka akashika ukuta. Sumie alituona kwenye kioo, akajua amekamatwa, akacheka naye, na kwa muda pale dukani hapakuwa na kazi iliyofanyika. Safari ya pili alibonyeza kwa uaminifu. Kulikuwa na vipindi virefu, virefu sana, ambapo kidole chake hakikutikisika na Bi Ogata alikuwa akiandika tu. Hapo hatukucheka.

Walimpa mashine mbili za kujaribu nyumbani kwa wiki mbili. Bi Ogata alimwingizia moja kushoto, moja kulia, akagusa kitu kwenye kompyuta, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Vipi sasa?"

Sumie alishtuka, akaangalia dari. "Nini kile?"

"Kiyoyozi."

"Kinaongea hivyo siku zote?" Akasogeza mguu, akausikia, akausogeza tena. Akakunja risiti iliyokuwa mezani, akaikunjua. Halafu akasimama, akaniendea, akanikazia macho. "Ritsuko, pua yako inapiga filimbi."

"Tangu mwaka wa sabini na tatu," alisema Kanayo nyuma yake. "Tulikuwa tunakustahi tu, Ritsuko."

Sumie akageuka. Aligeuka kwa ile sauti, si kwa kuona. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Lolote."

"Sumie, mwenzangu, una njaa?"

"Sauti yako imekwaruza," alisema Sumie, macho yakianza kujaa tena. "Kwenye kichwa changu ulikuwa bado na ile ya zamani."

"Nina miaka sabini na mmoja. Yako nayo ukiisikia hutaipenda."

Nje mitaa ilimvamia. Wimbo wa matangazo juu, mlio wa mlango wa ukumbi wa michezo ya mashine kila ukifunguka, viatu, magurudumu, mwuza samaki anayeita wateja. Alitembea katikati yetu ametushika wote wawili mikono, akilalamika kama bibi harusi aliyeletwa nyumba mbaya. Mnaishije na haya? Nani anafanya vile? Yule mtoto hana mama? Lakini kwenye kibanda cha kroketi, vile viazi vya kupondwa na kukaangwa, alisimama mwenyewe. Mwuzaji alikuwa anazitumbukiza kwenye mafuta, zinachemka na kupasukapasuka. Sumie alisogeza sikio. Tukanunua nne, tukala tatu tumesimama kando ya njia, vidole vikiungua, na wakati tunakula aliniomba nitafune karibu naye asikie.

Hatukujaribu viatu siku hiyo. Tulirudi kwenye lile duka la vitambaa, Sumie akakinunua kile kipande cha sufu, kwa sababu alikuwa amekiharibu kwa kukikunja. Mwenye duka alimwongezea na kingine bila kusema kitu.

Treni ya kurudi ilikuwa ya saa kumi, ile inayosimama kila stesheni. Kanayo alitaka kukaa dirishani kama asubuhi, akasita, akakaa mbele ya Sumie, magoti yao yakagusana. Mimi nikakaa upande wa pili wa njia na mifuko yote. Tulipofika ghuba ya Shido, jua likawa chini juu ya maboya ya wafuga chaza, Sumie akasema:

"Kanayo. Ile siku sikuisikia. Nataka kuisikia. Ukiweza."

Kanayo alitazama mikono yake mpaka stesheni iliyofuata. Kisha akaanza. Alieleza simu ya mkwewe usiku ule, na teksi ya kutoka stesheni ya Kobe, na muuguzi aliyekuwa na soksi za rangi mbili tofauti. Sumie hakumkatiza. Hakukisia kitu. Alisikiliza ameinama mbele, na kila treni ilipopiga kelele kwenye reli aliinua kidole, Kanayo akangoja, kisha akaendelea.

"Alikuwa msichana," alisema Kanayo. "Walimpa jina. Tsumugi."

"Kama hariri ya kusokotwa."

"Kama hariri. Mio alisema ni kwa ajili yetu, watu wa uzi."

Sumie akalitamka lile jina taratibu, akajisikia akilitamka. Halafu akauliza, "Alifanana na nani?"

Mimi nilikuwa nimemfahamu Kanayo miaka yote ile, nimekunywa naye chai kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi, na swali hilo halikuwahi kunijia. Nadhani hakuna aliyemuuliza. Watu humwuliza mtu kama analala, kama anakula. Kanayo alimtazama Sumie, na uso wake ukafunguka, sijui niseme vipi, kama wa bibi yeyote anayeombwa habari za mjukuu.

"Marehemu mume wangu," alisema. "Ile pua! Masikini ya Mungu, ile pua pana, kwa msichana! Na nywele, Sumie, nywele nyeusi nyingi mpaka shingoni. Nilimbeba. Walimfunga kwenye blanketi, wakanipa, nikambeba nusu saa. Alikuwa mzito kuliko unavyofikiri."

"Mwambie yote," alisema Sumie. "Vidole je?"

"Virefu. Vya kushonea."

Sikuendelea kusikiliza. Nilitazama nje upande wangu, ambako hakuna bahari, ni mashamba ya vitunguu tu na nyuma za nyumba za watu zenye nguo za kuanikwa, nikawaachia.

Sanbonmatsu tulishuka jua limekwisha zama. Walitangulia mbele yangu wakipanda ngazi za daraja, Sumie kashika mkono wa Kanayo, Kanayo bado anaeleza, sasa nadhani alikuwa kwenye habari za Mio na kazi mpya aliyoipata. Walivuka lango la tiketi, wakapita kibanda cha baiskeli bila kusimama, wakakata kona ya posta. Baiskeli ya Sumie ikabaki pale pale na kufuli yake. Mimi nilibaki jukwaani na mifuko mitatu, kroketi moja iliyopoa, na goti, nikiwasikia mpaka sauti zao zikapotea mtaani.